Barua za Wasomaji: Nani Amehakiki Makala Unayoisoma?

Katika toleo lililopita tulieleza maana ya ufikiaji huria wa machapisho ya kitaaluma, yaani utaratibu unaomwezesha mtu yeyote mwenye intaneti kusoma makala ya utafiti bila kulipia. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nyingi kati yake hazikuuliza habari za kusoma bali za kuamini: nani amehakiki, nani amelipwa, na nani anawajibika kosa linapogundulika. Tumechagua chache, tukazifupisha na kuondoa majina ya waliotuandikia.

Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Muda mfupi baada ya kuwasilisha muhtasari wa utafiti wangu katika kongamano, nilipokea barua pepe kutoka kwa jarida linalojiita la kimataifa. Waliniita "Profesa Mtukufu" na kunialika nitume makala. Niliituma. Baada ya siku 3 nikaarifiwa kwamba imekubaliwa bila marekebisho yoyote, na kwamba nilipe ada ya uchapishaji ndani ya saa 48. Mwaliko wa kwanza haukutaja ada hata kidogo. Chuo kinanidai makala moja iliyochapishwa kabla ya kutetea tasnifu. Je, nilipe?

Usilipe, na usitume makala hiyo kwingine kabla hujasoma jibu hili hadi mwisho.

Uhakiki wa kweli una mwendo wake. Mhariri huisoma makala kwanza aone kama inalifaa jarida, kisha huwatafuta wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo, ambao kwa kawaida hawalipwi na wana kazi zao nyingine, na kila mmoja huandika maoni yake kwa wakati wake. Shughuli hiyo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi. Maoni yanayorudi huwa na maswali: kwa nini sampuli ni ndogo, kwa nini umetumia kipimo hiki na si kile, jedwali la pili mbona halikubaliani na maelezo ya ukurasa unaofuata. Makala inayokubaliwa kwa siku tatu bila hata nukta moja kusahihishwa haijasomwa na mtu. Nao ukarimu wa kumwita mwanafunzi "Profesa Mtukufu" unaonyesha kwamba anuani yako ilichukuliwa kwenye orodha ya washiriki wa kongamano, ikatumiwa barua ileile waliyotumiwa mamia ya wengine.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alichapisha katika jarida la Science matokeo ya mtego aliouweka. Alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali inayotokana na kuvumwani inayodaiwa kuzuia seli za saratani, akapandikiza ndani yake makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, kisha akazituma nakala zake, zikiwa na tofauti ndogondogo, kwa majarida huria 304. Majarida 157 yaliikubali na 98 yaliikataa. Yaliyobaki hayakuwa yametoa uamuzi, na mengine yalionekana kuwa yametelekezwa. Taarifa hiyo ilitumiwa na wengi kuulaani ufikiaji huria wote, na hapo sikubaliani nao. Bohannon hakuyajaribu majarida yanayosomwa kwa kulipia, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Isitoshe, baadhi ya majarida yaliyonaswa yalikuwa ya wachapishaji wakubwa wenye majina, ilhali PLOS ONE, jarida huria, liliikataa makala hiyo. Kilichojitokeza ni udhaifu wa biashara ambayo mchapishaji hupata fedha anapokubali makala na hapati kitu anapoikataa. Mwenye tamaa akiingia katika biashara ya namna hiyo, uhakiki ndio gharama ya kwanza anayoipunguza.

Mambo haya yamewahi kufika mahakamani. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani ilimshtaki mchapishaji OMICS, mwenye makao Hyderabad nchini India, kwa madai ya kuwadanganya watafiti kuhusu uhakiki, kuficha ada hadi makala ikubaliwe, na kuorodhesha watu kama wahariri bila ridhaa yao. Mwaka 2019 mahakama iliamuru walioshtakiwa walipe zaidi ya dola milioni 50. Ukiisoma tena barua uliyoipata, utaona kwamba ada iliyofichwa hadi dakika ya mwisho si jambo geni.

Sasa fanya hivi. Fungua ukurasa wa bodi ya wahariri wa jarida hilo, chagua majina matatu, kisha yatafute kwenye tovuti za vyuo vyao wenyewe. Mhariri halisi kwa kawaida huitaja kazi hiyo katika wasifu wake. Ukiona hakuna aliyeitaja, mwandikie mmoja wao umuulize. Chukua namba ya ISSN, ambayo ina tarakimu nane, uitafute kwenye tovuti rasmi ya ISSN ili uone kama kweli ni ya jarida hilo. Kumbuka tu kwamba namba hiyo inalitambulisha jarida na hailithibitishi ubora wake, hivyo wanaojisifu kwamba "tuna ISSN" hawajasema kitu. Kisha chukua namba ya DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni, ya makala yoyote ya toleo la karibuni uone kama inakupeleka kwenye makala hiyohiyo. Mwisho, angalia kama jarida limo katika DOAJ, saraka ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003. Baada ya aibu ya mtego wa Bohannon saraka hiyo iliyataka majarida yote yaombe upya, na mwaka 2016 ikayaondoa takriban 3,300 ambayo hayakuomba. Uangalie pia anuani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa sababu wapo matapeli wanaoliiga jarida halali jina, nembo na hata ISSN, wakabadilisha anuani peke yake.

Ukishathibitisha kwamba umeuziwa mbuzi kwenye gunia, waandikie barua fupi ya kuiondoa makala yako. Taja kichwa cha makala na tarehe uliyoituma, sema kwamba hukutia saini mkataba wowote (ikiwa ndivyo) na kwamba huwaruhusu kuichapisha. Hifadhi nakala ya kila walichokuandikia. Wengine watakudai "ada ya kuondoa makala". Usilipe hiyo pia. Mweleze msimamizi wako na mkutubi wa chuo mapema, si baada ya mambo kuharibika, kwa sababu kutuma makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa la kimaadili na utahitaji ushahidi kwamba ya kwanza uliiondoa. Utakapoituma kwa jarida lingine, mweleze mhariri yaliyotokea kwa sentensi mbili au tatu. Wahariri wameyaona mengi na hawatakushangaa.

Kuhusu sharti la chuo, niseme wazi kwamba chuo kinachodai makala bila kuuliza imechapishwa wapi kinawatafutia matapeli wateja.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mhadhiri na sina ruzuku ya utafiti. Makala yangu imekubaliwa na jarida la heshima, lakini ili iwe huria natakiwa kulipa maelfu ya dola. Zamani msomaji alizuiwa mlangoni. Sasa anayezuiwa ni mwandishi. Ufikiaji huria umemkomboa nani?

Uchungu wako una msingi, ila ada si sehemu ya lazima ya ufikiaji huria. Tangazo la Budapest la Februari 2002, ambalo ndilo lililoeneza msamiati huu, lilitaja njia mbili: watafiti kuweka wenyewe nakala za makala zao katika hifadhi za wazi za intaneti, na kuanzishwa kwa majarida yasiyomtoza msomaji. Kuhusu gharama za majarida hayo, lilitaja vyanzo vingi vinavyowezekana, vikiwemo vyuo, serikali na wafadhili. Michango ya watafiti wenyewe ilitajwa kama chanzo kimojawapo tu, si sharti. Ada ya mwandishi ilishika kasi kwa sababu wachapishaji wa kibiashara waliiona inawafaa, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2020 ilikuwa imepanda hadi euro 9,500 kwa makala moja, kiasi ambacho jarida la Nature lilikitangaza wakati huo.

Kupanda huko hakukupita bila upinzani. Mwezi Aprili 2023 zaidi ya wahariri 40 wa jarida la NeuroImage, jarida linaloheshimika katika utafiti wa picha za ubongo, walijiuzulu wote kwa pamoja baada ya mchapishaji kukataa kupunguza ada ya dola 3,450, wakaanzisha jarida jingine chini ya mchapishaji wa chuo kikuu. Jina la jarida la zamani lilibaki kwa mwenye mali, utaalamu ukahama na watu wake. Ninaupenda mfano huo kwa sababu unaonyesha thamani ya jarida inakaa wapi.

Kwako wewe, njia ya karibu ni ile inayoitwa ya kijani. Chapisha makala bila kulipia, isomwe na waliolipa, kisha weka nakala yako katika hifadhi ya kidijitali ya chuo chako au ya fani yako. Kuna nakala tatu ambazo hupaswi kuzichanganya: ile uliyoituma mara ya kwanza, ile iliyokubaliwa baada ya marekebisho ya wahakiki lakini haijapangwa na mchapishaji, na ile ya mwisho yenye nembo na namba za kurasa. Wachapishaji wengi huruhusu ya pili iwekwe wazi, baadhi yao mara moja, wengine baada ya miezi kadhaa. Soma mkataba kabla ya kutia saini. Wengi wetu hutia saini kwanza kwa furaha ya kukubaliwa, tukaja kugundua baadaye kwamba tumemkabidhi mchapishaji haki zote, hata ya kumtumia mwanafunzi nakala.

Ipo pia njia ya almasi, ambamo msomaji halipi wala mwandishi halipi, na gharama hubebwa na vyuo, vyama vya kitaaluma au serikali. SciELO, mtandao wa majarida ulioanzia Brazil mwishoni mwa miaka ya 1990, umekua kwa sehemu kubwa juu ya fedha za umma za namna hiyo. Majarida haya mara nyingi hayana matangazo ya kifahari, na ndiyo maana watu huyapuuza. Ni kosa.

Ukiamua kubaki na jarida hilo, omba msamaha wa ada. Wachapishaji wakubwa wengi wana utaratibu huo kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini, na baadhi huwafikiria wasio na ruzuku popote walipo. Kwa kawaida maombi hayo hutakiwa wakati wa kutuma makala, kwa hiyo kwako huenda muda umepita, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Jambo moja zaidi: ikiwa jarida hilo pia linauzwa kwa maktaba kwa usajili wa mwaka, basi chuo kinacholipa usajili na kulipa tena ada ya makala kinamlipa mchapishaji mara mbili. Mkutubi wako atafurahi ukimkumbusha hilo anapokwenda kujadili mkataba.

Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi na huwafundisha wenzangu kazini. Kwa muda mrefu nimetumia makala moja katika mafunzo, hadi mwenzangu aliponiambia kwamba ilibatilishwa. Nakala niliyoihifadhi kwenye kompyuta haina alama yoyote, na kwenye tovuti ya jarida makala bado ipo. Kama ni batili, mbona haikuondolewa? Na je, kubatilishwa maana yake ni kwamba waandishi walidanganya?

Makala iliyobatilishwa, yaani iliyotangazwa kuwa haipaswi kutegemewa tena, huachwa mahali pake kwa makusudi. Kumbukumbu ya utafiti ikianza kufutwafutwa, aliyeinukuu makala hiyo atabaki ananukuu hewa, na hakuna atakayeweza kuchunguza kosa lilikuwa nini. Utaratibu mzuri ni kuiacha makala ikiwa na maandishi makubwa kwenye kila ukurasa yanayosema imebatilishwa, pamoja na tangazo linaloeleza nani ameibatilisha na kwa nini. Tatizo ni nakala kama yako, iliyopakuliwa kabla ya uamuzi. Faili lililo kwenye kompyuta yako halina njia ya kupata habari.

Kubatilishwa peke yake hakumaanishi udanganyifu. Yapo makosa ya kweli: kifaa kilichoharibika, chembe zilizochanganyika maabara, mstari mmoja wa programu uliohesabu vibaya. Watafiti wanaogundua kosa la namna hiyo na kuomba wenyewe makala yao ibatilishwe wanastahili heshima, ingawa ni nadra kuipata. Jarida pia lina hatua nyepesi zaidi. Marekebisho hutolewa kosa linapokuwa dogo na hitimisho likabaki palepale. Tangazo la wasiwasi hutolewa uchunguzi unapoendelea na msomaji anapaswa kutahadhari. Soma tangazo lenyewe kabla ya kumhukumu mtu. Likiwa limeandikwa kwa lugha ya kukwepa, lisiseme kosa ni nini wala ni la nani, hapo ndipo pa kuanza kulishuku jarida.

Mifano miwili ya afya itakufaa katika mafunzo yako. Februari 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Mwandishi wa habari Brian Deer alifukua mgongano wa kimaslahi na kasoro nzito katika namna watoto walivyopatikana na taarifa zao zilivyoandikwa. Mwaka 2004 waandishi 10 kati ya 13 waliikana tafsiri iliyotolewa, lakini makala nzima ilibatilishwa Februari 2010, miaka 12 baada ya kuchapishwa. Katika miaka hiyo hofu ilisambaa duniani, na tafiti kubwa zilizofanywa katika nchi mbalimbali hazikuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji.

Mfano wa pili ulikwenda mbio. Tarehe 22 Mei 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, Lancet hiyohiyo ilichapisha makala iliyodai kutumia taarifa za wagonjwa wapatao 96,000 kutoka hospitali 671 katika mabara sita, ikionya kwamba dawa ya hydroxychloroquine ilihusiana na vifo zaidi. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilisitisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Wataalamu wa nje wakauliza maswali mepesi kabisa: hospitali hizo ni zipi, na data ziko wapi? Kampuni ya Surgisphere iliyodai kuzimiliki data hizo haikuzitoa zikaguliwe. Tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne waliibatilisha makala, na siku hiyohiyo jarida la New England Journal of Medicine likabatilisha makala nyingine iliyotegemea data za kampuni ileile. Ushahidi kwamba dawa hiyo haiwafai wagonjwa waliolazwa ulikuja kupatikana kwa majaribio yaliyofanywa kwa uwazi. Ubatili wa makala hiyo, kwa hiyo, haukuifanya dawa kuwa nzuri, na hilo ndilo watu wengi waliloshindwa kulielewa wakati ule.

Umeona kwamba makala hizo zilitoka katika majarida ya kale na ya heshima. Heshima ya jarida hupunguza hatari, haiimalizi.

Kwa matumizi ya kila siku, irudie makala kwenye tovuti ya jarida kabla ya kila awamu ya mafunzo badala ya kutegemea faili la zamani. Tovuti ya Retraction Watch, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Ivan Oransky na Adam Marcus, ilijenga hazina ya makala zilizobatilishwa, na tangu mwaka 2023 hazina hiyo inapatikana bure kwa umma kupitia shirika la Crossref. Ukiwa unapanga marejeo yako kwa programu ya Zotero, yenyewe hukuonya makala uliyoihifadhi inapobatilishwa. Wale uliowafundisha kwa makala hiyo waambie wazi kwamba imebatilishwa na sababu iliyotajwa. Watajifunza zaidi kwa somo hilo kuliko kwa slaidi zenyewe.

Na usitishwe na idadi. Mwaka 2023 zilibatilishwa makala zaidi ya 10,000 duniani, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa, na zaidi ya 8,000 kati yake zilikuwa za mchapishaji mmoja, Hindawi, ambaye majarida yake yalikuwa yameingiliwa na viwanda vya makala: makundi yanayotunga makala za bandia, kuuza nafasi za uandishi na kupanga wahakiki wa uongo, hasa katika matoleo maalumu yaliyosimamiwa na wahariri wageni. Ni fedheha kubwa. Hata hivyo, jarida lililochapisha maelfu ya makala kwa miaka mingi na halijawahi kubatilisha hata moja linanitia wasiwasi zaidi, kwa maana ama lina bahati isiyo ya kawaida, ama hakuna anayeangalia.

Je, makala ikihakikiwa na wataalamu wenza ina maana matokeo yake ni ya kweli?

Hapana. Ina maana watu wawili au watatu wenye ujuzi wameisoma na hawakuona sababu ya kutosha ya kuizuia. Kwa kawaida hawajarudia jaribio, na mara nyingi hawajaziona data ghafi. Ukweli wa matokeo huanza kujulikana wengine wanapoyarudia, ndiyo maana makala iliyoweka data na hatua zake wazi inastahili kuaminiwa kuliko ile inayokuambia uwaandikie waandishi nao wasijibu.

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza utafiti wangu wa shahada na kuandika makala mwenyewe. Msimamizi wangu anataka jina lake litangulie, na ameniagiza niongeze jina la mkuu wa idara ambaye hajawahi kuusoma utafiti huu. Sitaki kumkosea heshima, wala sitaki kusema uongo. Nifanyeje?

Marahaba. Swali lako ni gumu kuliko yote ya leo kwa sababu kanuni ziko wazi na uwezo wa kuzisimamia hauko mikononi mwako.

Kanuni kwanza. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ambayo mwongozo wake unafuatwa hata nje ya tiba, inamtaka anayeitwa mwandishi atimize mambo manne yote: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni au kufanya utafiti au kuchanganua data, awe ameandika rasimu au ameirekebisha kwa kina, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kuwa mkuu wa idara, kutafuta fedha peke yake, au kuwa na jina kubwa hakumo. Asiyetimiza masharti hayo hutajwa katika shukrani, kwa kazi aliyoifanya hasa.

Msimamizi wako huenda ametimiza yote manne, na kama ndivyo, jina lake lina haki ya kuwemo. Mpangilio wa majina ni desturi ya fani: katika nyingi aliyefanya kazi kubwa hutangulia na msimamizi hukaa mwisho, katika nyingine majina hufuata alfabeti. Usianze kwa kumlaumu. Majarida mengi leo hudai tamko la mchango wa kila mwandishi, na mfumo wa CRediT una aina 14 za michango, kuanzia kubuni wazo hadi kusimamia, kuchanganua na kuandika. Jaza fomu hiyo kwa rasimu, kisha mpelekee ukisema: "Mwalimu, jarida linataka tueleze kila mmoja amefanya nini. Nimejaza upande wangu. Naomba unisaidie kujaza upande wako na wa mkuu wa idara." Karatasi itauliza swali ambalo wewe huwezi kumuuliza, na nafasi tupu mbele ya jina la mkuu wa idara itaonekana bila wewe kunyoosha kidole.

Akishikilia, mweleze kwamba kila aliyetajwa atabeba lawama kosa likipatikana, pamoja na asiyeijua makala. Wakuu wengi waliopewa uandishi wa zawadi wamewahi kujikuta wakijibu maswali kuhusu data ambazo hawakuziona. Hoja hiyo humfikia mtu asiyejali kanuni. Ikishindikana kabisa, kuna ofisi ya maadili ya utafiti au ya masomo ya uzamili, lakini sitakudanganya kwamba kwenda huko hakuna gharama kwa mwanafunzi ambaye hajatetea tasnifu yake. Hifadhi barua pepe, rasimu zenye tarehe na daftari lako la utafiti, uamue wakati wako. Jiandikishe pia ORCID, namba ya bure ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, ili kazi zako zikufuate hata ukibadilisha chuo au jina.

Mimi ni mwandishi wa habari. Mara kwa mara napata utafiti mpya uliowekwa kwenye intaneti kabla ya kuhakikiwa. Je, ni halali kuuripoti, na je, niziamini makala ninazoshuku zimeandikwa na akili bandia?

Kuweka wazi chapisho tangulizi, yaani utafiti ambao haujahakikiwa, si ujanja wala si haraka ya vijana. Wanafizikia wamefanya hivyo katika hifadhi ya arXiv tangu mwaka 1991, ilipoanzishwa na Paul Ginsparg. Wanabiolojia walipata bioRxiv mwaka 2013, na watafiti wa tiba medRxiv mwaka 2019. Faida yake ni kwamba wataalamu wote wanaweza kuikosoa kazi mapema badala ya wawili waliochaguliwa kimyakimya. Hatari yake ni kwamba msomaji wa kawaida haoni tofauti kati ya chapisho tangulizi na makala iliyohakikiwa, kwa kuwa yote mawili yana muhtasari, majedwali na marejeo.

Unaweza kuliripoti, kwa masharti. Sema katika aya za mwanzo, wala si mwishoni, kwamba halijahakikiwa. Tafuta mtaalamu wa fani hiyo asiye na uhusiano na waandishi akueleze udhaifu wake, na umuulize hasa ni kitu gani kingemfanya asiyaamini matokeo. Angalia kama kuna toleo jipya zaidi, maana hifadhi hizo huonyesha toleo la kwanza, la pili na kuendelea, na wakati mwingine hitimisho hupoa kutoka toleo moja hadi jingine. Habari ikigusa dawa au tiba ambayo watu wanaweza kuitumia kesho asubuhi, ni heri ushindwe na chombo kingine kwa siku mbili.

Kuhusu akili bandia, kamati ya COPE inayoshughulikia maadili ya uchapishaji ilieleza mwaka 2023 kwamba programu hizo haziwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haziwezi kuwajibika kwa kazi, na kwamba anayezitumia aseme alivyozitumia. Kunyoosha lugha kwa msaada wake si dhambi, hasa kwa anayeandika kwa lugha asiyoizoea. Cha kuchunguza ni marejeo. Chagua matano, uyatafute moja baada ya jingine kwa kichwa cha makala na DOI, kwani programu hizo zinajulikana kwa kutunga vyanzo vyenye majina ya kuaminika ambavyo havipo. Ukikuta chanzo kimoja hakipo, waandikie waandishi na mhariri wa jarida, uwape muda wa kujibu, kisha uripoti majibu yao au kukosekana kwa majibu.